Umoja Usio na Gharama

Ndugu msomaji, kitabu ninachotaka kukihakiki katika sura hii huenda unacho nyumbani mwako. Ni Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu huiita kwa jina lake la Kiingereza, Union Version, yaani tafsiri ya muungano. Siyahakiki Maandiko yenyewe. Kazi hiyo si yangu. Ninachokitazama ni kazi ya wanadamu waliokaa, wakachagua neno hili na kuacha lile, wakakubaliana, wakachapisha. Naitazama kwa macho ya mtu aliyekulia Rungwe, akafanya kazi Iringa kwa miaka mingi, na ambaye amesikia mahubiri juu ya umoja wa Wakristo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Dai langu ni fupi. Umoja tunaouhubiri huwa na thamani pale tu unapomgharimu kila mmoja kitu alichokipenda. Kitabu hiki ni ushahidi wa jambo hilo, kwa uzuri wake na kwa kasoro zake.

Tuanze na kisa chake. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha CMS, alifika Mombasa, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Baadaye huko Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA na wenzake walifanya kazi kubwa katika Kiswahili cha kisiwani, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891, Steere mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Mombasa nao hawakuridhika kusoma Kiunguja. Mwaka 1914 wakapata Biblia nzima ya Kimvita. Angalia jambo hili kwa makini: misheni zote mbili zilikuwa za Kanisa la Anglikana. Hawakuwa Wakatoliki na Waprotestanti. Walikuwa ndugu wa nyumba moja, na bado kila ndugu alikuwa na kitabu chake.

Upande wa misheni za Kijerumani alikuwapo Karl Roehl. Yeye aliona kwamba Kiswahili cha tafsiri za pwani kimejaa Kiarabu mno, akajitahidi kutafuta maneno ya Kibantu ambayo watu wa bara wangeyaelewa upesi. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Basi, kufikia mwaka huo, lugha moja ilikuwa na Biblia tatu, na mtu angeweza kutambua misheni ya mwenzake kwa kumsikiliza tu akisoma Zaburi.

Tafsiri ya muungano ilikuja kwanza kuziunganisha zile mbili za pwani. Agano Jipya lilitoka mwaka 1950, na Biblia nzima miaka miwili baadaye. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kwa hiyo watu wa Kimvita walikubali kusoma katika msingi ambao haukuwa wao. Watu wa Unguja nao walikubali kitabu chao walichokizoea tangu 1891 kifunguliwe na kusahihishwa upya. Na makanisa yaliyozoea Biblia ya Roehl yaliiweka kando kidogokidogo, ingawa wazee wengine waliendelea kuisoma faraghani mpaka kurasa zikalegea. Hakuna aliyetoka pale na kila kitu alichoingia nacho. Ndiyo maana kitabu kikadumu. Leo anakisoma Mlutheri wa Kihesa, Mmoraviani wa Tukuyu, Mwanglikana wa Njombe na Mpentekoste wa Mwanjelwa, na hakuna kati yao anayekiita kitabu cha dhehebu jingine.

Sasa niseme uzuri wake. Kiswahili cha kitabu hiki ni cha kusikika kabla ya kuwa cha kusomwa. Masimulizi yake yanakwenda kwa mwendo wa mtu anayesimulia jioni: akaondoka, akaenda, akamwambia. Mama asiyejua kusoma akisikiliza mara tatu, anaweza kulirudia simulizi zima kwa watoto wake bila kupoteza kiungo. Tafsiri nyingi za baadaye ni nyepesi zaidi kwa akili, lakini si nyingi zinazokaa kinywani namna hii.

Kasoro zake nazo ziko wazi. Ni kitabu cha watu wa pwani. Mitume wanavua kwa jarife. Mkulima wa Mufindi, ambaye shamba lake ni mahindi na chai, atalijulia wapi jarife? Nimewahi kumsikia mwinjilisti mmoja akiwaeleza wasikilizaji wake kwamba jarife ni aina ya mtumbwi, na hakuna aliyembishia. Wavuvi wa Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wana nyavu zao na majina ya nyavu zao, lakini majina hayo hayakuingia kitabuni. Vivyo hivyo neno shokoa, lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu waliijua sana kazi ya namna hiyo tangu enzi za Wajerumani, ila hawakuijua kwa jina hilo.

Kasoro hii inapita lugha, inaugusa umoja wenyewe. Muungano ule ulihusu lahaja mbili za pwani. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliupokea ukiwa umekwisha kupikwa, tukala, tukashukuru. Mtu aliyekaribishwa chakulani hana neno juu ya chumvi. Naamini hapo ndipo udhaifu wa umoja wetu ulipo mpaka leo: kwa sehemu kubwa tuliletewa umoja, kama tulivyoletewa utengano.

Kumbuka tulivyoanza. Mwaka 1891 Wamoraviani, ambao chimbuko lao ni Herrnhut huko Ujerumani, walifungua kituo chao Rungwe. Mwaka huohuo wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika katika nchi ileile kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wakakubaliana kugawana nchi: Wamoraviani upande wa magharibi, Waberlini upande wa mashariki. Kutoka hapo Waberlini waliendelea Ukinga, Ubena na Uhehe. Ndiyo sababu Mnyakyusa wa Rungwe mara nyingi ni Mmoraviani na nduguye wa Mwakaleli ni Mlutheri. Hawakuachana kwa sababu ya mafundisho juu ya Meza ya Bwana. Waliachana kwa sababu ya mahali nyumba ya babu ilipokuwa imesimama. Huko Uhehe, Wabenediktini walijenga Tosamaganga katika miaka ya mwisho ya karne ile, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia wakachukua kazi yao. Hapo mgawanyo wa nchi kwa makubaliano haukuwapo. Palikuwa na mashindano.

Vita hiyo ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walikuja kuvitunza vituo vya Wamoraviani na vya Waberlini pia. Kwa miaka kadhaa waamini wa pande zote mbili walikuwa chini ya uangalizi mmoja. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na kila upande ukarejea kwa wenyewe. Walipowekwa pamoja hawakuulizwa, na walipotenganishwa hawakuulizwa. Nadhani mtu akikosa kuulizwa mara mbili, hujifunza kwamba umoja ni shughuli ya wakubwa.

Mpaka ule wa misheni umekufa siku nyingi. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 zilichanganya watu. Ukikaa Uyole au Mafiati leo, au Mlandege na Ipogolo kule Iringa, jirani wa kulia ni Mkatoliki, wa kushoto Mlutheri, wa nyuma yuko katika kanisa la kilokole lililoanza juzi chini ya turubai. Serikali nayo imemega mikoa yetu, Njombe ikatoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na hakuna aliyeacha kumzika mjomba wake kwa sababu ya mpaka mpya. Lakini mipaka ya makanisa tumeihamisha kutoka ardhini tukaiweka midomoni.

Sikiliza salamu zetu. Mmoja akisema Tumsifu Yesu Kristu, umekwisha kujua anasali wapi. Mwingine akisema Bwana Yesu asifiwe, naye umemjua. Wote wawili wamemsifu Bwana yuleyule, lakini nimeona mtu akisalimiwa kwa salamu ya upande wa pili akanyamaza, kana kwamba akiitikia atakuwa amehama. Na jina lenyewe! Mkatoliki huandika Kristu, Mprotestanti huandika Kristo. Irabu moja. Nimekuwapo katika kikao cha kuandaa kadi ya harusi, bwana harusi wa upande huu na bibi harusi wa upande ule, ambapo irabu hiyo ilichukua muda mrefu kuliko bei ya ukumbi.

Mambo hayo yangekuwa ya kuchekesha kama yangeishia kwenye kadi. Mama yangu mkubwa alibatizwa katika kanisa la baba yake, akaolewa katika kanisa la mumewe, na uzeeni akawa anasali na kikundi cha binti yake, kwa sababu huko ndiko miguu yake ilikoweza kufika. Alipofariki, makanisa matatu yalimdai. Mchungaji mmoja alisema hawezi kuongoza ibada ikiwa mwenzake atavaa kanzu. Wa pili alisema marehemu yumo katika daftari lake la washirika. Wa tatu alisema marehemu alikuwa ameokoka, hivyo hayo mawili si kitu. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na mvua ya Rungwe inakuja. Wanaukoo tulikaa chini ya mgomba tukisubiri watumishi wa Mungu wakubaliane ni nani amfukie mtu ambaye sisi wote tulimfahamu.

Waliolimaliza suala hilo ni akina mama waliokuwa ndani na jeneza. Walianza kuimba kutoka Tenzi za Rohoni, kitabu ambacho makanisa yote matatu hukitumia, na hawakunyamaza. Wimbo uliisha ukaanza mwingine. Jeneza likanyanyuliwa, waliolibeba wakatoka nalo, na wachungaji wakafuata kwa sababu kusimama kungekuwa aibu. Kila mmoja akasali sala yake kaburini. Sikusikia hata mtu mmoja akilalamika kwamba mazishi hayakuwa halali.

Naleta kisa hiki kwa sababu kinafanana na kile cha Biblia ya 1952. Kilichounganisha watu pale mgombani kilikuwa kitabu cha pamoja na kazi iliyokuwa haingoji. Mahubiri juu ya umoja yalikuwa yamehubiriwa katika makanisa yote matatu mwaka uleule.

Ndipo ninapofikia lawama yangu. Umoja tunaoufanya mara nyingi ni wa tamasha. Tunakusanyika uwanjani, kila kwaya na sare yake, kila kiongozi na kiti chake, tunaomba amani ya nchi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani kama tulivyokuja. Hakuna aliyepoteza kitu, kwa hiyo hakuna aliyepata kitu. Tena mahubiri yetu juu ya umoja, ukiyachunguza, yana maana ya njooni kwangu. Nimesikia mhubiri akilia kwa uchungu juu ya Wakristo waliogawanyika, kisha akatangaza tarehe ya kuwabatiza upya waliotoka kanisa la jirani. Na kuna matumizi mabaya zaidi. Mzee wa kanisa akiuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi, huambiwa asivunje umoja. Hapo neno takatifu limegeuzwa kufuli. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho waliojiita watu wa Paulo, wa Apolo na wa Kefa, lakini hakuwaambia wanyamaze kuhusu maovu yaliyokuwa kati yao. Waraka uleule umejaa maonyo juu ya maovu hayo.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba wako waliotengana kwa ajili ya kweli, na kwamba kweli haiuzwi ili kununua amani. Jibu hilo nalikubali. Siombi mtu aache anachokiamini. Lakini hata hapa watafsiri wametutangulia. Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti. Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66. Hawakujifanya kwamba tofauti hiyo haipo, wala hawakungoja iishe. Walikubaliana juu ya Kiswahili, na kitabu kikachapwa kwa namna mbili, chenye vitabu vya Deuterokanoni na kisicho navyo. Huo ni umoja unaosema wazi umefika wapi na umeishia wapi. Naupendelea kuliko ule unaokumbatiana jukwaani na kusengenyana njiani.

Viongozi wetu wamejaribu pia njia nyingine. Katika miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walizungumza juu ya kuwa kanisa moja. Walifika mpaka kutayarisha liturgia ya pamoja, lakini kanisa moja halikuzaliwa. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii kwa ajili ya hospitali na shule, na hiyo ikasimama. Sababu yake inaonekana wodini. Mgonjwa anayeletwa Tosamaganga kwa Wakatoliki, Ilembula kwa Walutheri au Mbozi kwa Wamoraviani haulizwi alibatizwa kwa maji mengi au machache. Muuguzi ana kazi, na kazi humpunguzia mtu majivuno.

Huku kwetu pia kazi ya namna hiyo imekuja. Mwaka 2003 shirika la SIL lilianza Mbeya mradi wa kutafsiri Maandiko kwa lugha 10 za Mbeya na Iringa kwa pamoja: Kibena, Kibungu, Kikinga, Kimalila, Kindali, Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kisangu na Kivwanji. Lugha haijui dhehebu. Anayesema Kinyakyusa ni Mmoraviani, Mlutheri, Mkatoliki na Mpentekoste, na tafsiri ambayo upande mmoja umeinyima mkono haitasomwa na upande huo. Kwa hiyo ilibidi makanisa yakae pamoja, na safari hii si kwa kula kilichopikwa kwingine. Fikiri jambo dogo tu la herufi. Kiswahili kina irabu tano, Kinyakyusa kina saba. Hizo mbili zilizozidi ziandikweje? Hilo ni swali la kila mwenye lugha, na jibu lake lazima liwavumilie wote. Sisi tuliogombania irabu moja katika jina la Bwana tulipaswa kuketi tukubaliane irabu saba.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ndogo mno kuitwa umoja wa Kanisa. Mimi naona kinyume chake. Yesu aliwaombea wafuasi wake wawe kitu kimoja ili ulimwengu uamini, na ulimwengu wa kwetu hauangalii matamko. Unaangalia msibani, harusini na wodini. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga yaliyosimama mbalimbali hayainjiki pia, hata yakiwa matatu. Lazima yasogezwe, na anayesogezwa huacha mahali alipokuwa amepazoea.

Basi napendekeza mambo ya kawaida kabisa. Makanisa ya kata moja yakubaliane mapema, kabla hajafa mtu, juu ya mazishi ya familia zilizochanganyika: nani aongoze, nani asome, nani aimbe. Yaandikwe na kutiwa saini, ili ukoo usije ukasubiri tena chini ya mgomba. Wachungaji na mapadri waache kuwabatiza upya waliokwisha kubatizwa kwa jirani, au kama dhamiri haiwaruhusu, waende kwanza wamwambie jirani huyo uso kwa uso. Na sisi wa viti vya nyuma tuitikie salamu ya mwenzetu kama alivyoitoa. Anayesema Kristu aitikiwe, na anayesema Kristo aitikiwe. Kitu kidogo, lakini ni cha kupoteza, na tuanze kupoteza vile vidogo tulivyonavyo mkononi.

Kitabu cha mwaka 1952 kitazeeka. Maneno yake mengine yamekwisha kuzeeka, na vijana wetu wanasoma tafsiri nyingine katika simu zao. Sitasikitika siku kitakapowekwa kabatini pamoja na Roehl, mradi tuwe tumejifunza kwa waliokitengeneza kwamba ndugu wawili waweza kuwa na kitabu kimoja, kila mmoja akikubali kuacha ukurasa aliokuwa anaupenda.